"Yamekwisha kiungwana", kwa nani?

Mhariri,

Assalaam alaykum. Wiki iliyopita gazeti lako liliandika habari fupi, mistari sita tu, juu ya mechi ya vijana iliyochezwa huku kwetu Wilaya ya Wete, Pemba. Mwandishi akasema mchezaji mmoja "alitoa lugha isiyofaa" kwa mwenzake, uongozi wa timu yake umeomba radhi, na "suala hilo limekwisha kiungwana". Mie nilikuwepo. Nilikaa juu ya baskeli yangu nyuma ya goli la upande wa msikiti, na maneno niliyasikia. Yule kijana alimwambia mwenzake, "Mtumwa mkubwa we, rudi kwenu bara." Aliyeambiwa hivyo kazaliwa hapa hapa, na baba yake kazaliwa hapa. Huko bara labda kafika Tanga mara moja, kumsindikiza mgonjwa.

Basi naanza na hilo neno lako, kiungwana. Mie si mwalimu wa Kiswahili, ni fundi baskeli, lakini nimelelewa na bibi aliyekuwa akiyapima maneno kama anayepima karafuu. Kwake yeye muungwana alikuwa ni mtu asiye mtumwa, basi. Hayo ya tabia njema yamekuja kupandishwa juu yake baadaye. Sasa kijana kaitwa mtumwa mbele ya watu kama mia mbili, halafu tunamwambia mambo yake yamemalizwa kiungwana! Waungwana gani hao waliyamaliza, na yeye walimkalisha wapi? Hakuitwa. Radhi yenyewe ilikuwa sauti ya dakika moja kwenye kundi la WhatsApp la timu iliyokosa: "Kijana wetu anaomba radhi kwa yeyote aliyekwazika." Aliyetukana hakusema, alisemewa. Aliyetukanwa hayumo katika kundi hilo.

Utaniuliza nina haki gani ya kuyaandika haya. Ninayo, kwa kuwa nimewahi kulitamka neno hilo mwenyewe, na nimewahi kuitoa radhi ya namna hiyo.

Ilikuwa 1993, kiwanja cha Gombani, Chake Chake. Nilikuwa beki wa kushoto, mzito kidogo lakini nikiogopwa. Timu ya pili ilikuwa na winga mmoja, mtu wa mtaa wa jirani, tumesoma naye skuli moja. Mie nilimzidi mwili, yeye alinizidi mbio, na siku ile mwili haukunifaa kitu. Alinipita mara tatu. Mara ya nne akanipiga tobo, mbele ya jukwaa, watu wakapiga kelele zile ambazo kila beki anazijua. Nilipomfikia nikamwambia sikioni, "Mtumwa wa babu yangu we."

Babu yangu hakuwahi kuwa na mtumwa. Alikuwa na mikarafuu kumi na mmoja, na miwili katika hiyo ilikuwa na kesi. Utumwa ulifutwa kisheria visiwani kwa dikrii ya Sultani ya 1897, babu mwenyewe hajazaliwa. Lakini nyumbani kwetu tulikuwa tukijihesabu watu wa nasaba, kuna bibi mmoja aliyesemekana ana damu ya Kimanga, yaani ya Waarabu wa Oman, na mtu asiye na kitu kingine cha kujivunia hukishika hicho. Neno lile sikulibuni uwanjani. Nilikuwa nalo mfukoni tangu utotoni.

Yule winga alisimama. Mpira ulikuja upande wake, ukampita, ukatoka nje, naye kasimama tu ananitazama. Refa hakusikia. Waliokaa karibu na mstari walisikia, akiwemo mdogo wake. Baada ya mechi viongozi wakatuita, wakatupanga kama watoto wa chuo cha Kurani, wakasema peaneni mikono. Nikasema, nakumbuka kila neno, "Kama nimekukosea niwie radhi, mambo ya mpira haya." Akanipa mkono. Viongozi wakafurahi, mmoja akapiga makofi. Yakaisha kiungwana.

Mama yake yule winga alikuwa akiuza vitumbua na chai karibu na kiwanja chetu cha mazoezi. Miaka minne nilikuwa nakula pale, siku nyingine kwa mkopo, na hajawahi kunidai, ananiita mwanangu. Jumatatu baada ya mechi ile nilikwenda kama kawaida. Alinitilia chai, akaniwekea vitumbua vitatu, kisha akanyoosha mkono: "Lipa kabisa, bwana." Hakununa, hakunisema. Mwanangu imekuwa bwana. Sijui kama alikusudia, lakini nilikunywa ile chai nikilitafuna neno hilo, maana kinyume cha mtumwa kwetu ni nani kama si bwana? Nikalipa. Sikwenda tena.

Yangekufa hayo, Mhariri, kama si mapenzi yangu kwa Liverpool.

Tarehe 15 Oktoba 2011, Anfield, Liverpool na Manchester United walitoka 1-1, na Patrice Evra wa United, Mfaransa mweusi, akasema Luis Suárez wa Liverpool amemtukana kwa rangi yake. Jopo la Chama cha Soka cha England (FA) lilikaa, likasikiliza pande zote, likatoa ripoti ya kurasa 115. Likaona Suárez alimtolea Evra neno "negro", yaani mweusi kwa Kihispania, mara saba katika ugomvi wao. Akafungiwa mechi 8 na kutozwa pauni 40,000. Siku iliyofuata hukumu, wachezaji wa Liverpool walitoka kupasha misuli kule Wigan wamevaa fulana zenye picha ya Suárez. Fulana ya Evra hakuna aliyeivaa.

Mie ningepewa ningeivaa ile ya Suárez. Kila jioni kwenye banda letu la mpira nilikuwa wakili wake. Nikisema, jamani, huko kwao Uruguay neno hilo ni la kawaida, mtu humwita hata rafiki yake, Wazungu wa Uingereza hawaelewi Kihispania. (Jopo lenyewe lililipima hilo. Likakubali kwamba lina matumizi ya kirafiki huko, ila mtu hamwiti adui yake kwa urafiki katikati ya ugomvi.) Ikaja tarehe 11 Februari 2012, Old Trafford, timu zinapeana mikono kabla ya mchezo. Evra ananyoosha mkono, Suárez anaupita kama anayepita nguzo ya umeme. Kesho yake akatoa taarifa ya kuomba radhi kwa ule mkono. Nikaanza tena uwakili wangu: mnaona, kaomba radhi, mnataka nini zaidi? Neno negro ni la kawaida kwao!

Kuna mtu alikaa nyuma kwenye benchi, hakuwa mzungumzaji. Akasema taratibu, "Na kwenu, kaka, mtumwa nalo ni neno la kawaida?"

Alikuwa ni yule mdogo wake winga. Miaka kumi na tisa imepita. Mara ngapi nimemzibia pancha, ananilipa, tunaagana, na neno analo.

Wiki ya tatu yake nikapanda meli usiku. Watu wengi walikuwa bado wanaogopa bahari wakati ule, Spice Islander ilikuwa imezama Septemba tu, na mke wangu aliniuliza ni safari gani hiyo isiyoweza kungoja. Nikashuka bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi, nikapanda daladala hadi Mwanakwerekwe, ambako yule winga ana duka dogo la vifaa vya umeme. Kanenepa, kavaa miwani. Alikuwa na mteja.

Nikamwambia, "Nimekuja kwa lile neno."

"Neno gani?"

Alilijua neno gani. Alitaka nilitamke mie, na mteja wake ameshika waya anasikiliza. Nikalitamka lote, pamoja na babu yangu ndani yake. Nikasema nilikuita hivyo Gombani, sikuwa na haki, na ile radhi niliyokupa siku ile haikuwa radhi. Akamaliza kuhesabu chenji ya mteja. Kisha akasema, "Langu nimekusamehe, yakhe. La mama sina idhini nalo."

Mama yake alikuwa amefariki 2007. Nimeishi naye mji mmoja miaka kumi na minne baada ya ile Jumatatu, nyumba yake naiona nikienda sokoni.

Hatukuwa marafiki baada ya hapo, nisikudanganye. Tunapigiana simu sikukuu, dakika mbili. Lakini tangu siku ile nikisoma kwamba mchezaji fulani kaomba radhi, nauliza mambo ambayo zamani sikuyauliza. Kamwomba nani? Kalitaja neno? Kaenda mwenyewe?

Sisi watu wa visiwani tuna mazoea ya kutakana radhi. Ikikaribia Ramadhani simu inajaa: "Kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe." Ni mazoea mazuri kwa yale usiyoyajua. Lakini baskeli ikiletwa kwangu na msumari umesimama kwenye tairi, siutii mpira kwenye karai la maji kutafuta povu linatokea wapi. Msumari nauona. "Kama" ya nini? Na masheikh wetu wanatusomea kila mwaka kwamba haki ya Mungu atasamehe Mungu, haki ya mja mpaka mja mwenyewe. Tunaitikia amin, tukitoka msikitini tunatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp.

Chukua la Sarfaraz Ahmed, maana yeye ni Muislamu mwenzetu na ni hafidh. Januari 2019 alikuwa nahodha wa Pakistan wa kriketi, wanacheza Durban na Afrika Kusini. Andile Phehlukwayo wa Afrika Kusini anawasumbua. Kipaza sauti kilichoko kwenye vijiti kikamnasa Sarfaraz akisema kwa Kiurdu: we mweusi, mama yako kakaa wapi leo, umemsomesha dua gani? Mama tena. Radhi yake ya kwanza aliiandika mtandaoni, akasema maneno yale hayakumlenga mtu yeyote hasa. Dunia nzima imesikia mweusi gani! Siku chache baadaye akaenda kwa Phehlukwayo mwenyewe, akamwomba uso kwa uso, akapewa mkono. Na pamoja na mkono huo, Baraza la Kriketi la Kimataifa likamfungia mechi 4. Nalipenda hilo. Aliyekosewa kasamehe lake, na mchezo nao umetoza lake. Rodrigo Bentancur wa Tottenham naye, 2024, alisema kwenye televisheni ya kwao Uruguay kwamba mwenzake Mkorea, Son Heung-min, na binamu zake wanafanana wote. Akaomba radhi, Son akasema yamekwisha, ni ndugu yangu. FA ikamfungia mechi 7 vilevile na pauni 100,000. Klabu yake ikakata rufaa kwamba ni nyingi, ikashindwa.

Huku kwetu tumezifanya radhi na adhabu kuwa kitu kimoja. Akishaomba radhi ukitaja adhabu unaambiwa una kinyongo.

Kuna jingine lililonikaa zaidi ya yote, la Italia. Tarehe 17 Machi 2024, Inter na Napoli, San Siro. Juan Jesus, beki wa Napoli, Mbrazili mweusi, alimwendea refa akimwonesha kiraka kilichoshonwa kwenye mkono wa jezi yake, kile chenye maneno ya kupinga ubaguzi ambacho ligi nzima ilivaa siku ile. Akasema Francesco Acerbi wa Inter amemtukana kwa rangi. Baada ya mechi alipohojiwa akawa mpole: alisema Acerbi ameona amevuka mpaka, ameniomba radhi, ya uwanjani yabaki uwanjani. Mchezaji angesema nini cha kiungwana zaidi ya hicho? Kesho yake Acerbi akasema hakuna ubaguzi wowote uliotoka mdomoni mwake. Juan Jesus akalazimika kutoka hadharani na kuyarudia maneno yaleyale aliyotaka kuyafukia. Tarehe 26 Machi hakimu wa ligi akaamua hakuna ushahidi wa kutosha wa matusi ya rangi, Acerbi hakufungiwa hata mechi moja. Napoli wakasema hawatashiriki tena kampeni za ligi dhidi ya ubaguzi.

Mie si hakimu, sikuwepo San Siro. Ninachojua ni kwamba aliyesamehe upesi aliachwa mikono mitupu. Angekaa kimya juu ya ile radhi, angedai refa aandike, pengine kesi ingekuwa nyingine. Ndiyo maana namwambia yule kijana wetu wa Wete, na baba yake pia nimemwambia: usikubali radhi ambayo neno halimo ndani yake. Kesho watakuambia hukutukanwa.

Vijana siku hizi wameshajifunza kuziba mdomo kwa mkono wakisema jambo uwanjani, hata kwenye kiwanja cha mchanga kisicho na kamera hata moja. Wameyaona kwa wakubwa. Ondřej Kúdela wa Slavia Prague aliziba mdomo akamnong'oneza Glen Kamara wa Rangers, Machi 2021, na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikamfungia mechi 10. Wenetu wamechukua mkono, mechi kumi hawakuzichukua.

Nasikia tayari jibu la barazani: haya ni mambo ya Wazungu, sisi sote weusi, ubaguzi wetu wapi? Julai 2024 Argentina walipochukua Copa América, Enzo Fernández alijirekodi ndani ya basi na wenzake wakiimba juu ya wachezaji wa Ufaransa: wanachezea Ufaransa lakini wametoka Angola, mama wa Nigeria, baba wa Cameroon, ila kwenye hati eti ni Mfaransa. Kwenye klabu yake, Chelsea, alikuwa anacheza na Wafaransa weusi kadhaa. Wesley Fofana, mmoja wao, alilisema wazi, kwamba huo ni ubaguzi usiojificha. Enzo akaomba radhi, akasema furaha ya ubingwa ilimchukua. Sasa ukiondoa Ufaransa ukaweka Pemba, wimbo ule hatuujui? Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi anacho, lakini asili yake wapi? Mara ngapi tumeuimba barazani bila ya ngoma. Tena sisi hatuhitaji rangi, tunaweza kumbagua mtu mweusi kama sisi kwa babu yake aliyekuja kuchuma karafuu akabaki.

Narudi kwa Liverpool nimalize, maana ni timu yangu na inaniuma. Oktoba 2019 Evra alialikwa kwenye kipindi cha televisheni pamoja na Jamie Carragher, mmoja wa wale waliovaa fulana. Carragher akamgeukia akamwambia pale pale kwamba walikosea kosa kubwa, akamwomba radhi. Miaka minane imepita! Mie nilichukua kumi na tisa, sina la kumcheka. Nilichokiona usoni mwa Evra sikukiona kwenye taarifa yoyote iliyowahi kuandikwa na klabu. Na sababu ya kuchelewa naijua, kwa kuwa wakati ule wa fulana Suárez alikuwa mfungaji wao, na timu haimkabidhi mfungaji wake.

Hapo ndipo tulipo sasa. Yule kijana aliyetukana ndiye mfungaji wa timu yake, amebakisha mechi moja ya fainali. Kanuni za FIFA zinamtaka mchezaji anayetukana kwa asili au rangi afungiwe si chini ya mechi 10. Kwetu hata refa hakuandika kitu, kwa kuwa "wameshapatana". Nimezungumza na refa huyo, ni mtu mzuri, aliniambia, "Ami, mie niliambiwa yamekwisha." Kaambiwa na nani? Na wale wale waungwana.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako akiandika habari kama hii aandike neno lililosemwa. "Lugha isiyofaa" inamsitiri aliyetukana, na aliyetukanwa inamfanya aonekane mtu wa kukwazika ovyo. Na kabla hajaandika kwamba radhi imetolewa, amuulize aliyekosewa kama imemfika.

Jana nilikwenda kwa viongozi wa timu ile. Nikawaambia niko tayari mie mwenyewe kumchukua kijana wao na kwenda naye kwa mwenzake, tukae ukumbini, alitamke lile neno mbele ya baba na mama wa mwenzake, kisha aombe. Nikawaeleza yangu ya Gombani, kitu ambacho sijawahi kuwaeleza watu wengi. Walinisikiliza kwa adabu, wakanipa soda. Wakasema fikra nzuri sana, lakini tungoje kwanza fainali ipite, tusimvuruge kijana. Fainali ni Jumapili. Nyumba kwa nyumba ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na baskeli naweza kumwazima.

Wassalaam,

Fundi baskeli, Wete, Pemba

(Jina langu nimekuandikia nyuma ya karatasi. Naomba usilichapishe: ukinitaja mie, watu wa hapa watamjua yule mwenzangu wa Mwanakwerekwe, naye sikumwomba ruhusa hiyo.)